Gia Niliyoivunja Mimi

Tabora, Jumamosi, baada ya alasiri

Mwanangu Zuhura,

Barua huanza kwa mtu kusema yeye ni mzima na hofu yake ni kwa yule aliye mbali. Sasa mimi nitaanzaje? Wewe hujawa mbali bado. Uko mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa mjini, kwa shangazi yako unaaga, na ukikohoa huko najua kuna mtu atanipigia simu kunipa habari. Uzima ninao, ni mgongo tu. Basi acha niingie hivi hivi bila hodi.

Najua utashangaa. Baba yako na barua wapi na wapi? Tangu uzaliwe umeniona nikiandika namba za simu kwenye ukuta wa gereji na majina ya spea kwenye vipande vya boksi, basi. Lakini jambo hili nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza niliishia kukuuliza kama umekula. Mara ya pili nikaleta mzaha. Mara ya tatu ni juzi, ulipokuwa unakunja nguo. Nilisimama mlangoni, ukaniuliza, "Baba, unataka nini?" nikajibu natafuta miwani, kumbe miwani nimeivaa. Ulicheka sana. Huu mdomo wangu nimeshaujua, ukiona zito linakuja unakimbilia utani. Kwa hiyo nimechukua kalamu.

Habari za kuchemsha maji, za kufuli la begi, za Mbeya na baridi yake, mama yako amekwisha kuzisema, na zilizobaki atazimalizia kesho stendi mbele za watu mpaka uone haya. Sina la kuongeza hapo. Michembe ya viazi amefungasha, asali ya Ipole amefungasha, masweta mawili amefungasha. Mimi sehemu yangu ni hii karatasi, na mengi yaliyomo ni ya aibu yangu mwenyewe.

Nianze na lile gari la rimoti.

Mjomba wako Salum alilituma kutoka Maskati mwaka ule ulipomaliza darasa la saba. Lori dogo jekundu, matairi makubwa, bodi limechubuka kwa sababu mwanawe alikwisha kulichezea. Lakini ndani lilikuwa na giaboksi ya kweli, gia mbili, ya kwanza ya kupandia na ya pili ya kukimbilia, na kwenye rimoti kulikuwa na kitufe cha kubadilishia. Watoto wote wa mtaa wetu wa Isevya walihamia uani kwetu. Shida ikawa moja. Gia ya kwanza iliingia vizuri, ila ukibonyeza ya pili linakwaruza, ngrrr, halafu linakaa frii. Mota inalia, gari haliendi.

Mtoto mwingine angelia. Wewe ulilipindua matairi juu, ukalala kifudifudi kwenye mkeka, ukawa unabonyeza na kutazama, unabonyeza na kutazama. Nilikwenda kuswali nikarudi, nikakukuta palepale. Ukaniambia, na maneno yako ninayo mpaka leo: "Baba, gia haina kosa. Hiki kimota kidogo ndicho kinachovuta na kusukuma hiki kijiti, na kijiti ni kifupi. Kwenye ya kwanza kinavutwa kupita kiasi mpaka kimota kinanung'unika. Kwenye ya pili kinasukumwa lakini hakifiki. Kimepungua kama ukucha tu."

Miaka kumi na mitatu! Angekuwa fundi mwenzangu ndiye aliyesema maneno yale ningempa mkono. Wewe nilikujibu, "Mambo ya giaboksi niachie mimi."

Unajua gereji wananiitaje. Mzee Fungua. Gari likija, dereva hajamaliza kueleza, mimi nishasema, "Fungua!" Nilidhani ni jina la sifa. Malori ya tumbaku, ya mbao, ya pamba kutoka Nzega na Igunga, yote nimeyafungua. Sasa lori lenye urefu wa mkono na skrubu nane, eti linishinde? Nikakwambia nenda madrasa utachelewa, nikabaki nalo peke yangu uani.

Sikia nilichofanya, maana hili hujawahi kulisikia. Niliifungua ile giaboksi. Meno yote mazima, hata mkwaruzo hakuna. Mtu mwenye akili angefunga palepale akaenda kukitazama hicho kijiti ulichosema. Mimi nikasema aa, gia ngumu hii, inataka grisi. Nikachota ile grisi nyeusi nzito ya malori nikaijaza humo ndani, ikawa ngumu zaidi. Humo kuna kijiuma cha plastiki, kidogo kama jino la kitana, ndicho kinachoisogeza gia kutoka huku kwenda kule. Nikakishika kwa koleo nikakisukuma kuelekea gia ya pili kwa nguvu zangu za kufungulia nati za lori. Kikasema ta! Kikakatika.

Mama yako alikuwa shuleni anakofundisha, Isikizya. Hakuna aliyeona. Nilirudisha kipande mahali pake, nikafunga skrubu zote nane, nikafuta vidole kwa tambara. Uliporudi, shungi la madrasa bado kichwani, nikakupa rimoti nikasema, "Haya, jaribu."

Ukabonyeza. Kraa, halafu kimya. Hata ile ya kwanza haikuingia tena. Nami nikasema, "Umebonyeza kwa nguvu gani wewe?"

Zuhura, kitufe cha rimoti hakina nguvu. Ukibonyeze kwa kidole au ukipige kwa nyundo, kimota kinapata habari ileile. Hilo nililijua wakati maneno yanatoka. Ulikuwa uongo ambao fundi yeyote angeucheka, nikamwambia mtoto wangu, na mtoto akauamini kwa sababu mimi ni baba yake na tena ni fundi. Ukakiinua kidole chako ukakitazama. Nilikuona ukikitazama, nikarudi kufuta vidole vyangu.

Jioni Salum akapiga kuuliza gari linaendaje. Simu iliwekwa kwenye spika, sote tumekaa jamvini. Nikasema, "Binti yako kaling'oa gia siku ya kwanza! Ana mkono huyu! Sisi tumeshampa jina, Bi Vunja." Salum akacheka mpaka akakohoa. Mama yako akacheka. Wewe nawe ukacheka, na jina likakaa. Glasi ikianguka jikoni, "Bi Vunja huyo!" hata kama aliyeiangusha ni paka. Siku ile ya Idi umeme ulipokatika mtaa mzima, binamu zako wakakuita gizani, "Bi Vunja, umegusa nini?" Tukacheka wote. Utani wa nyumbani mtu hawezi kuushitaki, akilalamika anaambiwa hana ucheshi, na wewe hukulalamika hata siku moja.

Ila uliacha kuja gereji. Zamani kila Jumamosi ulikuwa kwangu, na spana ulizitambua kwa namba kabla hujamaliza herufi. Ukasema una masomo mengi. Mama yako akasema mtoto wa kike amekua, gereji si mahali pake tena. Mimi nikakubali haraka sana, kwa sababu kila ulipokuwa karibu na vyuma niliona kile kidole.

Baadaye, ulipokuwa kidato cha pili, niliitwa kwenye lori la tumbaku lililokwama mbele kidogo ya Ipole. Halibadili gia. Ilikuwa masika, barabara tope tupu. Utapita hapo kesho na basi, ukivuka Sikonge chungulia kulia. Dereva alikuwa Mnyamwezi mtu mzima, anasema taratibu. Akaniambia, "Fundi, mimi naona huu mkono wa gia unachezacheza, hauvuti kama zamani." Nikamjibu, "Mzee wangu, wewe kazi yako kuendesha, niache mimi nifungue."

Siku mbili, mwanangu. Siku mbili nimelala kwenye tope chini ya lori. Giaboksi nikaishusha, nikaimwaga meno yake yote juu ya turubai, mazima kabisa. Mwisho, nikiwa sina tena la kufungua, nikatambaa kufuata ile fimbo inayotoka kwenye mkono wa dereva kwenda kwenye giaboksi. Bushi yake, ile pete ya kwenye kiungo, imelika. Fimbo haifiki. Dereva anavuta, na mvuto unapotelea njiani. Yule mzee akainama akachungulia nilichoshika, akasema "Ee" moja tu, akaenda kuota moto. Afadhali angenicheka.

Pale chini nikasikia sauti yako. Kijiti ni kifupi, Baba. Hakifiki. Nililia, sikufichi. Dereva akaniuliza kama nimeingiwa na vumbi machoni nikasema ndiyo, vumbi, katikati ya masika!

Kwa hiyo tangu siku hiyo nilijua mambo mawili. Aliyevunja ni mimi, na aliyejua ugonjwa ni wewe. Nilirudi nyumbani na dumu la asali, nikakupa wewe kwanza kabla ya mama yako, ukashangaa leo kuna nini. Nilikupa asali kwa kuwa neno lilinikwama. Siku ile ya kwanza ukweli ungenigharimu aibu ya dakika mbili. Mpaka tunafika Ipole ikawa aibu ya uongo pamoja na aibu ya kuukalia. Sasa tazama, niko ukurasa wa tatu na jasho linanitoka.

Ungeweza kuniuliza, Baba, mbona leo?

Ni kwa sababu ya vyuo. Viwili vimekuita, vyote Mbeya, kimoja cha ualimu, kingine cha ufundi wa mitambo. Wiki tatu zilizopita mlikuwa uani na mama yako mnamenya karanga, akakuuliza mbona umechukua ualimu na fizikia yako ndiyo imekupa alama nzuri kuliko yote. Mimi nilikuwa ukumbini navaa viatu. Nikasikia ukisema, "Aa Mama, mikono yangu na vyuma havipatani. Si mnajua mimi ni Bi Vunja?" Mkacheka nyote wawili. Mimi kiatu kimoja nimevaa, kingine nimekishika, nikarudi ndani nikakaa kitandani. Mama yako baadaye akaniuliza kama tumbo linaniuma.

Loo! Miaka sita, na wewe umejenga nyumba nzima juu ya uongo wa mtu aliyeogopa kuchekwa na mtoto.

Basi ulipokwenda Igalula kumuaga bibi yako, nililishusha lile gari kutoka juu ya kabati. Safari hii nikasema nitalitengeneza kwa njia yako. Kwanza nikaosha upumbavu wangu: ile grisi ya lori niliitoa yote kwa sabuni ya unga na mswaki, meno yakabaki makavu, nikatia tone dogo la mafuta ya cherehani. Kijiuma kilichovunjika nikachonga kipya kutoka kwenye kile kibao cha plastiki ngumu cha mama yako cha kukatia vitunguu. Usimwambie. La, mwambie, nimechoka na siri. Nilichonga vitatu. Cha kwanza kinene, cha pili kikapinda, cha tatu kikakaa.

Halafu nikalipindua matairi juu kama ulivyofanya, nikavaa miwani, nikalala kifudifudi kwenye mkeka na mgongo huu. Betri yake ilikwisha kufa, nikaunganisha ya taa ya sola. Nikabonyeza, nikatazama. Kila kitu kilikuwa kama ulivyosema. Kwenye gia ya kwanza kimota kinavuta mpaka kinanung'unika, zzz, kimefika mwisho na bado kinalazimishwa. Kwenye ya pili kinasukuma, kijiti kinakwenda, kinasimama ukucha mmoja kabla ya gia kushika. Mwisho wa kile kijiti kuna kifundo chenye uzi wa skrubu. Nikakizungusha kurefusha kijiti, mzunguko mmoja. Bado. Wa pili. Nikabonyeza ya kwanza, ikaingia, kimota kimya. Nikabonyeza ya pili huku nikiyaacha matairi yazunguke polepole ili meno yatafutane. Tak! Ikaingia.

Mizunguko miwili, Zuhura. Miaka sita gari limekaa juu ya kabati, na dawa yake ilikuwa mizunguko miwili ya vidole, bila hata kufungua skrubu moja. Na daktari wake alikuwa na miaka kumi na mitatu, amelala kwenye mkeka wangu, ananieleza kwa Kiswahili fasaha, nikamwambia nenda madrasa.

Utalikuta juu ya begi lako pamoja na barua hii. Lijaribu mwenyewe, usiniamini mimi.

Siku hizi gereji nimebadilika kidogo, ingawa jina wamegoma kulibadili. Dereva akija namkalisha kwanza, namuuliza mkononi unasikia nini, mguuni unasikia nini. Kisha nafuata kutoka kwenye mkono wake kwenda mbele, kiungo kwa kiungo, na giaboksi naiacha ya mwisho kabisa. Mara nyingi hata siifikii. Ningefanya hivyo na wewe pia. Ulipoacha kuja gereji ningekukalisha nikuulize, unasikia nini mwanangu? Badala yake nilisema mtoto amekua.

Na nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Tangu uache kuja, Jumamosi nazichukia. Kile kigoda chako bado kipo, na mtu akikikalia namtimua, nasema kina msumari. Hakina msumari wala nini.

Sasa kuhusu vyuo. Usije ukadhani nakusukuma. Ningekuwa nakusukuma ningekuwa narudia yaleyale ya koleo. Ualimu ni kazi ya heshima, imekulisha wewe miezi ambayo gereji ililala njaa, na mama yako sijaona mtu anayependwa na watoto wa watu kama yeye. Kama roho yako iko huko, nenda, na nitatamba mji mzima kwamba nyumba yangu ina walimu wawili. Lakini kama unakwenda huko kwa sababu mikono yako haipatani na vyuma, basi mama, mikono hiyo haijawahi kuvunja kitu. Ni ya kwangu iliyovunja. Kuripoti ni Jumatatu, una siku nzima ya safari ya kufikiri, na chuo chochote utakachoingia mimi ada nimeshapanga kulipa.

Na kwa kuwa uongo niliusema mbele ya watu, siwezi kuufuta kwa karatasi ya kujificha. Leo Salum atapiga tena kukuaga, simu itawekwa kwenye spika kama kawaida yetu. Mama yako atakuwepo, shangazi yako amesema anakuja na watoto wake. Nitasema yote mbele yao, na jina lile nitaliomba lizikwe leo. Watakaotaka kucheka wanicheke mimi, ninastahili, na nina mwili mkubwa wa kukibeba kicheko chao. Wewe sitaki ukae pale unasikia kwa mara ya kwanza pamoja na watu, ndiyo sababu nakuandikia usome kabla.

Bado moja, nalo ndilo zito kuliko yote.

Kesho alfajiri, kabla ya kutoka, utafanya kama tulivyofanya sote tulipoondoka kwetu. Utanipigia magoti pale barazani, utasema, "Baba, naomba radhi zako." Na mimi natakiwa nikushike kichwa niseme nimekuwia radhi, uende salama. Nimeliwaza hilo usiku na mchana. Mtoto ambaye hajanikosea lolote, apige magoti kwa mtu aliyemkosea yeye, kisha mtu huyo ajifanye mkarimu amsamehe! Wallahi siwezi.

Kwa hiyo usipige magoti, Zuhura. Radhi zangu unazo tangu siku ulipozaliwa, huna haja ya kuziomba. Nitashuka mimi. Nitapiga magoti mbele yako na huu mgongo, mama yako atashangaa, na nitasema nilichotakiwa kusema ulipokuwa unakitazama kidole chako: mwanangu, nimekukosea, naomba radhi zako.

Ukiwa nazo, nipe. Ukiwa bado huna, usinipe kwa kunionea haya. Nishike mkono tu uniinue, maana peke yangu sitanyanyuka, kisha upande basi lako.

Baba yako